Kusema Lugha Nyingi na Kukariri Maneno

Muhula huu palizuka ubishi mkubwa katika bweni letu juu ya wachezaji wa sinema: nani kati yao ajua lugha nyingi zaidi? Mmoja alitaja mwenye lugha sita, mwingine akampandisha wake hadi tisa, kama watu walio mnadani. Nilipoombwa na Chama cha Lugha niandike habari hizo, niliona yafaa kwanza tuulizane jambo ambalo wabishi wote walilipita: mtu husemwa kuwa ajua lugha afanyapo nini?

Tumtazame Christoph Waltz, mzaliwa wa Vienna katika Austria. Katika sinema iitwayo Inglourious Basterds, ya mwaka 2009, alikuwa ofisa wa Kijerumani mwerevu na katili, asemaye Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza na Kitaliano. Mwanzoni ofisa huyo yumo nyumbani kwa mkulima wa Kifaransa, nao wanazungumza Kifaransa. Mara anamwomba mwenyeji wake wahamie Kiingereza. Kwa nini? Chini ya sakafu wamefichwa Wayahudi wasiojua Kiingereza, nao hawatambui kuwa siri yao inatolewa juu ya vichwa vyao. Kwa mchezo huo Waltz alipata tuzo ya Oscar mwaka 2010, na kwa maoni yangu aliistahili.

Lakini kumbukeni kuwa mchezaji wa sinema hupewa maneno yameandikwa tayari. Huweza kufundishwa matamshi na mwalimu, akayakariri hata katika lugha asiyoijua, na akikosea hurudia. Zaidi ya hayo, ajua mapema mwenziwe atamjibu nini. Waltz mwenyewe hatumtilii shaka, maana Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa huzisema hata nje ya mchezo. Ila sinema peke yake si ushahidi.

Ushahidi ulio bora ni wa Audrey Hepburn, aliyezaliwa Brussels mwaka 1929, baba yake raia wa Uingereza na mama yake Mholanzi. Alikuwa akisoma shule Uingereza. Vita ilipoanza mwaka 1939, mama yake alimhamishia Arnhem, Uholanzi, akitumaini kuwa huko kungekuwa na amani. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaiteka nchi hiyo. Binti mwenye jina la Kiingereza na ulimi wa Kiingereza alikuwa hatarini, basi akaitwa Edda, akaishi kwa Kiholanzi. Hakuandikiwa maneno na mtu yeyote, wala hakuwa na nafasi ya kurudia akikosea.

Wa karibu nasi ni Lupita Nyong'o. Alizaliwa Meksiko mwaka 1983, wazazi wake Wakenya, akaletwa Kenya angali mchanga, akakua na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Je, Kihispania alikipata kwa kuzaliwa huko? La. Alipokuwa na miaka 16 wazazi walimrudisha Meksiko kwa miezi saba akajifunze.

Sasa tutoke katika sinema, twende mpakani kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, ambako kwa miaka mingi wanawake wamevuka kwa miguu na mizigo ya mboga. Mama wa namna hiyo nyumbani husema Kinyarwanda. Akishavuka, huuza kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Goma ambacho baadhi yetu tungekicheka, nacho chamlisha yeye na wanawe. Kilingala kidogo humfaa akutanapo na askari, na Kifaransa cha hesabu humfaa asomewapo ushuru. Hajui mnunuzi atasema nini. Akisikia bei vibaya, faida ya siku imepotea. Huyu haandikwi popote kuwa ajua lugha nyingi. Huitwa mchuuzi tu, na akiulizwa mwenyewe huenda akajibu kuwa hakusoma.

Nasi wanafunzi, tumefanana na nani? Mwenzetu aweza kuandika maana ya osmosisi kwa Kiingereza bila kukosa hata nukta, na mwalimu akimwuliza, "Kwa nini zabibu kavu huvimba majini?" akanyamaza. Huyo ana maneno ya kuandikiwa. Upande wa pili, wako miongoni mwetu waliokua mijini, wenye bibi asiyejua Kiswahili ila salamu. Wakienda likizo humwamkia kwa lugha yake, na salamu zikiisha mazungumzo nayo yameisha. Bibi ana mengi ya kuwaambia, juu ya ukoo, mashamba na waliokufa, naye hatangoja miaka yote.

Nashauri basi zoezi hili, ambalo kila mmoja aweza kulifanya kabla ya kufunga shule. Andika lugha zako zote, na ile unayoionea haya pia. Kisha mtafute ajuaye kila moja, akuulize maswali matatu ambayo hukuambiwa mapema: moja la njia, moja la bei, na moja la sababu ya jambo fulani. Palipo na jibu, weka alama. Chama cha Lugha hukutana Alhamisi baada ya michezo, na karatasi zitapokelewa huko.