Mrututu ni Kitu Gani?

Swali: Marehemu bibi alikuwa akitaja dawa ya vidonda iitwayo mrututu. Ni kitu gani hasa?

Jibu: Mrututu ni salfeti ya shaba, fuwele za buluu iliyokolea. Zamani ulisagwa ukapakwa kwenye vidonda sugu, kwa kuwa huua vijidudu na kuunguza nyama iliyooza. Watia rangi nguo nao waliutumia ili rangi ishike. Mwaka 1885, Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa, uliookoa mizabibu ya Bordeaux na ukungu. Hadi leo wakulima wa kahawa hunyunyizia mibuni dawa za shaba.

Mrututu ukipashwa moto sana hupoteza maji na kuwa mweupe. Ukidondoshewa maji, buluu hurudi. Lakini ni sumu. Mwenye kidonda aende zahanati.