WALINZI WEMA WALIONYAMAZA

Masomo: Mathayo 27:11–26, Yohana 10:1–5

Mwezi huu tunajifunza kutokana na filamu. Jina lake ni The Stanford Prison Experiment, iliyoongozwa na Kyle Patrick Alvarez na kutolewa Marekani mwaka 2015. Watoto wasioneshwe, maana inatisha. Lakini sisi watu wazima yatufaa kuifikiri, kwa sababu inasimulia jambo lililotukia kweli.

Mwezi wa Agosti 1971, Profesa Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, aligeuza vyumba vya chini vya jengo la chuo kuwa gereza la kuigiza. Alichagua vijana 24, wazima wa mwili na akili, kwa malipo ya dola 15 kwa siku. Waligawanywa kwa kurusha sarafu: hawa wafungwa, hawa walinzi. Walinzi walipewa sare za kaki, virungu, na miwani iliyoficha macho. Wafungwa walivikwa kanzu yenye namba, soksi ya nailoni kichwani na mnyororo mguuni.

Siku ya pili wafungwa waligoma. Walinzi wakawapulizia mitungi ya kuzimia moto, wakawavua nguo na kuwanyang'anya vitanda. Usiku waliwaamsha kuwahesabu, wakawatukana na kuwasafishisha vyoo kwa mikono mitupu. Mfungwa wa kwanza alivurugikiwa hata ikabidi aachiliwe kabla siku mbili hazijatimia. Jaribio lililopangwa kwa wiki mbili lilivunjwa baada ya siku sita.

Tujifunze nini?

Kwanza, juu ya jina. Padre mmoja Mkatoliki aliletwa kuzungumza na wafungwa hao. Nusu yao walijitambulisha kwake kwa namba, si kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake mmoja mmoja kwa jina. Tukianza kumwita mtu "yule mlevi" au "yule wa jikoni", tumekwisha kumvua jina, na aliyevuliwa jina ni rahisi kuonewa.

Pili, juu ya blanketi. Mfungwa namba 416 alikataa kula, akafungiwa katika kijichumba chenye giza. Walinzi wakawaambia wenzake: toeni blanketi zenu, naye atatoka; zishikeni, naye atakaa humo usiku kucha. Wengi walishika blanketi zao. Hawa hawakuwa na rungu wala sare, walikuwa wanaonewa vilevile. Kumbe hata anayeonewa aweza kumwacha ndugu yake gizani kwa ajili ya usingizi wa usiku mmoja.

Tatu, na hili ndilo kubwa, si walinzi wote waliokuwa wakatili. Walikuwamo wema, waliowafanyia wafungwa hisani ndogondogo na hawakupenda kuwaadhibu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewakabili wenzake na kuwaambia, acheni. Wema wao haukumwokoa mtu. Ndivyo alivyokuwa Pilato. Hakuona kosa kwa Yesu, hata mkewe alimwonya, lakini alichukua maji akanawa, kisha akamtoa asulubiwe.

Aliyesema alikuwa Christina Maslach, mwanasaikolojia kijana aliyekuwa mchumba wa Profesa mwenyewe. Aliwaona wafungwa wakipelekwa chooni wamefungwa pamoja kwa minyororo, wamefunikwa mifuko vichwani. Akalia, akamwambia mchumba wake kwamba anayowatendea vijana hao ni mabaya. Kwa maelezo ya Zimbardo, watu wa nje kama 50 walikuwa wameliona gereza hilo, wazazi wakiwamo, wala hakuna mwingine aliyeuliza kama ni halali.

Yatupasa kuongeza kwamba jaribio hili limepingwa sana. Mwaka 2018 mtafiti wa Kifaransa, Thibault Le Texier, alionyesha kwamba walinzi walikuwa wameelekezwa na kuhimizwa wawe wakali. Basi tusiseme kwamba kila apewaye madaraka lazima awe mnyama. Lakini onyo halipungui. Vijana wale waliambiwa na watu wa heshima kwamba ukali wao unasaidia kazi njema, nao wakatii. Mara ngapi nasi tumemwumiza mtoto tukasema ni malezi, au kumwaibisha mwenzetu kanisani tukasema ni nidhamu?

Cheo ni dhamana. Mzazi, mwalimu, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, kila mmoja wetu ameshikishwa kirungu fulani. Na kila mmoja wetu, siku fulani, atasimama kando akimtazama mwingine akikitumia vibaya.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika mtaa wetu asiyeitwa tena kwa jina lake?
2. Tunashika blanketi gani, na nani amebaki gizani kwa sababu hiyo?
3. Kwa nini ni vigumu kumkanya rafiki kuliko kumkanya adui?

Tuombe. Ee Bwana, uliyesimama mbele ya Pilato, utupe moyo wa kumwona ndugu anayeonewa, na kinywa cha kusema mapema. Amina.