TUMHESHIMU MZEE ANAYESAHAU

Somo: 2 Samueli 17:27-29, 19:31-39

Wengi wetu tulivuka Mpondwe pamoja na wazazi wetu. Leo, hapa Bwesumbu na kule Bwera, baadhi ya wazazi hao hawatambui tena sura zetu. Mama anadai chakula na ametoka kula sasa hivi. Baba anafunga mzigo wake jioni, anasema anarudi shambani kwake Beni. Tufanye nini?

1. Ni ugonjwa, si uchawi
Ubongo huugua kama vile moyo au figo. Ugonjwa huu wa kusahau si pepo wala laana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao. Lakini mzee anayetembea usiku akiongea peke yake huitwa mchawi upesi. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, Kenya, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa kushukiwa uchawi. Neno kama hilo likianza kwa jirani, sisi wa kanisa tulizime mapema.

2. Tumpeleke akapimwe
Kuchanganyikiwa kukija ghafla, ndani ya siku chache, huenda ni malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini au dawa anazomeza. Hayo yanatibika, tusingoje. Tuanze kituo cha afya, na ikilazimu twende hospitali ya Bwera au Kagando. Ugonjwa wenyewe wa kusahau bado hauna dawa ya kuuponya, lakini utunzaji mwema humpunguzia mzee hofu.

3. Tujifunze kwa Barzilai
Daudi alipomkimbia Absalomu, Barzilai alimlisha kule Mahanaimu. Baadaye, akiwa na miaka 80, mzee huyo alimwambia mfalme kwamba hata ladha ya chakula haisikii tena. Hatusemi aliugua ugonjwa huu. Lakini Daudi hakumwona mzigo. Alikumbuka nani alimlisha ukimbizini, akambusu na kumbariki. Wazee wetu nao walitubeba mgongoni.

4. Tumsikilize anapotaka kwenda nyumbani
Barzilai aliomba kurudi kwao, karibu na kaburi la wazazi wake, akaruhusiwa. Wazee wetu hawawezi kurudi sasa. Tukimwambia mama kila jioni kwamba nyumba iliungua na baba alikufa, kwake ni msiba mpya kila jioni. Afadhali tumuulize, "Mama, shambani mlilima nini?" Ya zamani mara nyingi hubaki wakati ya leo yamepotea. Tuimbe naye nyimbo alizozijua kwa lugha yake, tutembee naye hadi njiani, kisha turudi pamoja. Tusimfunge kamba.

5. Tubebeane mzigo (Wagalatia 6:2)
Mara nyingi anayetunza ni binti mmoja au mkamwana, naye halali usiku. Kumwambia "tunakuombea" ni vema, lakini haitoshi. Kikundi cha maombi kipange zamu, hata nusu siku kwa juma, ili alale.

Maswali ya kujadili
- Katika eneo letu, ni nani anayemtunza mzee peke yake?
- Ni nani kati yetu atashika zamu juma hili?

Tuombe: Bwana, wanaotusahau sisi, wewe hujawasahau. Utupe uvumilivu. Amina.