Kuuza kupitia mawakala wa intaneti: kamisheni inatoka mfuko gani?

Vikundi vingi vya kazi za mikono sasa vina duka kwenye intaneti. Picha ni nzuri na bei zimeandikwa, lakini wanunuzi ni wachache. Ndipo mtu hutoa ushauri: "Tafuteni mawakala. Hamlipi chochote mpaka bidhaa iuzwe."

Ushauri huo ni wa kweli, lakini si ukweli wote. Sisi tuliufuata tulipokuwa tukisaidia kikundi cha akina mama wa Kitui, nchini Kenya, wanaosuka vyondo vya mkonge na kuviuza Ulaya na Marekani. Katika miezi ya kwanza mauzo yaliongezeka, huku fedha katika akaunti ya kikundi zikipungua. Katika somo hili tunaeleza sababu yake, na mambo tuliyobadilisha.

Wakala wa intaneti ni nani?

Ni mtu mwenye wasomaji au watazamaji wake, kwa mfano anayeandika kuhusu mapambo ya nyumbani. Duka humpa kiungo chenye namba yake. Msomaji akibonyeza kiungo hicho hufika dukani, na alama ndogo iitwayo kuki huhifadhiwa katika kompyuta au simu yake. Akinunua kabla ya muda wa alama kwisha, duka hujua ni nani aliyemleta, na wakala hupata kamisheni. Muda huo huwekwa na duka. Amazon kwa kawaida hutoa saa 24, na maduka mengine hutoa siku 30 au zaidi.

Utaratibu huu si mgeni. CDNow, duka la muziki la Marekani, lilianza nao mwaka 1994. Amazon ilianza wake Julai 1996, wakati ilipokuwa duka la vitabu.

Mtandao wa mawakala ni kampuni inayosimama katikati. Huorodhesha maduka, huhesabu mauzo yaliyoletwa na kila wakala, na huwalipa mawakala. Mifano ni CJ, Rakuten na Awin. Faida yake ni kwamba kikundi kidogo huonekana kwa mawakala wengi kwa mara moja. Lakini mtandao nao una ada zake. Ulizeni ada ya kujiunga, malipo ya kila mwezi, na kiasi unachochukua juu ya kila kamisheni.

Hesabu tuliyopaswa kuifanya mwanzoni

Tuchukue mfano wa kiondo kimoja kinachouzwa kwa dola 40:

- Malipo ya msukaji: dola 16
- Mikanda ya ngozi na lebo: dola 4
- Kufunga na kusafirisha: dola 9
- Gharama ya malipo kwa kadi: dola 2

Jumla ni dola 31. Zinabaki dola 9.

Kamisheni ya 15% ya dola 40 ni dola 6. Mtandao ukichukua 20% juu ya kamisheni hiyo, ni dola 1.20 zaidi. Kati ya dola 9 zilizobaki, dola 7.20 zimeondoka. Kikundi kinabaki na dola 1.80.

Sisi tuliona 15% tukadhani ni kidogo. Hatukuona kwamba ni asilimia ya bei yote, wakati sisi tunaishi kwa kile kinachobaki. Anayeuza muziki au kitabu cha kusomwa kwenye kompyuta anaweza kutoa hata nusu ya bei, kwa sababu nakala ya pili haimgharimu karibu chochote. Kila kiondo kina mkonge wake, siku zake za kazi na nauli yake.

Bidhaa inaporudi

Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, mtu aliyenunua kwa intaneti ana siku 14 baada ya kupokea bidhaa za kusema kwamba haitaki, hata bila sababu. Akisema hivyo, ana siku 14 nyingine za kuirudisha. Duka humrudishia bei pamoja na gharama ya kawaida ya kumpelekea.

Chukulieni kwamba mmeuza vyondo 10 na kimoja kimerudi. Vile 9 vimeleta dola 16.20. Kilichorudi kimepoteza dola 9 za kusafirisha na dola 2 za kadi. Zinabaki dola 5.20. Kama kimerudi na madoa na hakiuziki tena, ondoeni dola 20 nyingine. Sasa mna hasara ya dola 14.80. Na kama mlikwisha kumlipa wakala na mtandao dola 7.20 kwa kiondo hicho, hasara ni dola 22. Mmeuza vyondo 10, na afadhali msingeuza hata kimoja.

Hivyo ndivyo ilivyotupata. Kwa miezi miwili tuliwachelewesha wasukaji malipo yao, wakati mawakala tusiowafahamu walikuwa wamelipwa kwa wakati. Mama mmoja alituuliza, "Huyu aliyelipwa kwanza, alisuka nini?" Hatukuwa na jibu.

Mambo tuliyobadilisha

1. Tulianza na kinachobaki. Msukaji na gharama zote hulipwa kwanza katika hesabu, ndipo kamisheni hupangwa. Tulishusha hadi 8%. Kamisheni ni dola 3.20 na ada ya mtandao dola 0.64, hivyo kikundi hubaki na dola 5.16 kwa kiondo. Baadhi ya mawakala waliondoka. Ni afadhali kuanza chini na kupandisha, kwa maana kushusha huumiza. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka 8% hadi 3%, na waliotegemea kipato hicho walipata pigo.

2. Tulihesabu kamisheni kwa bei ya kiondo tu, bila nauli wala kodi.

3. Tuliweka muda wa kusubiri. Kamisheni huthibitishwa siku 60 baada ya mauzo. Kiondo kikirudi, kamisheni hufutwa. Jambo hili huandikwa wazi katika masharti kabla wakala hajajiunga.

4. Tuliacha kumpokea kila anayeomba. Tunatazama ukurasa wake kwanza. Wako wanaojichukulia wateja waliokuwa wanakuja wenyewe. Mwaka 2008 eBay iliwashtaki mawakala wake wakubwa kwa kuweka kuki katika kompyuta za watu ambao hawakubonyeza kiungo chochote. Wawili walikiri kosa mahakamani, na mwaka 2014 wakahukumiwa vifungo.

Maneno yanayosemwa juu yetu

Wakala mmoja alituuzia vyondo vingi kuliko wote. Tuliposoma ukurasa wake tulikuta ameandika kwamba wasukaji wetu ni wajane, na kwamba kila kiondo humsomesha mtoto mmoja kwa mwaka. Tuliwasomea akina mama maneno hayo. Wachache walicheka. Mmoja alisema, "Mume wangu yuko shambani hivi sasa. Mbona wamemzika?"

Tulimwandikia wakala arekebishe. Alikataa, tukaachana naye. Mauzo yalishuka mwezi ule, na hatujutii. Mtu anayenunua kwa kuhurumia hadithi ya uongo amedanganywa kwa jina letu.

Tangu wakati huo tunampa kila wakala maelezo mafupi na picha zilizokubaliwa na wasukaji wenyewe, na hatumruhusu kuongeza. Tunamtaka pia awaambie wasomaji wake wazi kwamba analipwa wakinunua. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho inataka jambo hilo lielezwe waziwazi, na duka nalo linaweza kuwajibishwa kwa yale yanayosemwa na wakala wake.

Wakala mzuri ni msaada wa kweli. Huwafikia watu ambao sisi tusingewafikia kamwe, na anastahili malipo yake. Lakini alipwe baada ya aliyesuka, na kwa kusema kweli.

Maswali ya kujadili

- Bidhaa yetu moja ikiuzwa, nini kinabaki baada ya gharama zote? Andikeni kila gharama ubaoni.
- Kati ya bidhaa 10, ngapi hurudi au huharibika njiani? Nani hubeba hasara hiyo?
- Kamisheni gani tungeweza kulipa bila kugusa malipo ya mtengenezaji?
- Mgeni akieleza habari zetu ili auze, ni mambo gani tungependa ayaseme? Ni yapi hatutaki ayaseme?