MFALME ALIYEANGUSHWA NA MAFANIKIO

Soma: 2 Nyakati 26:1-23

Watu wengi humkimbilia Mungu siku ya shida tu. Leo tujifunze habari za mtu ambaye shida haikumwangusha. Aliangushwa na mafanikio.

1. MUNGU NDIYE ALIYEMFANIKISHA
Uzia alifanywa mfalme wa Yuda akiwa kijana wa miaka 16, akatawala miaka 52. Muda wote alipokuwa akimtafuta Bwana, mambo yake yalikwenda vizuri (mst. 5). Akajenga minara Yerusalemu, akachimba visima, akawa na mifugo mingi na mashamba ya mizabibu. Jeshi lake lilikuwa watu 307,500. Mali hiyo haikuwa dhambi. Ilitoka kwa Mungu.

2. MOYO UKAJIINUA
Angalia sana mstari wa 16. Alipopata nguvu ndipo alipoharibika. Akaingia hekaluni afukize uvumba mwenyewe, kazi waliyopewa makuhani tu, wana wa Haruni. Ndugu yangu, kiburi ndicho hiki: kuona hakuna tena mlango wa kukuzuia, wala mtu wa kukuambia neno.

3. ALIONYWA, AKAKASIRIKA
Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamfuata, wakamwambia atoke. Hapo nafasi ya kutubu ilikuwepo bado! Lakini Uzia akawaka hasira, chetezo kiko mkononi. Mara ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Ile minara ilikuwepo, lile jeshi lilikuwepo, lakini havikumsaidia kitu. Akakaa katika nyumba ya peke yake mpaka kufa, asiingie tena nyumbani mwa Bwana.

JIPIME MWENYEWE
Ulipokuwa huna kitu, ulifunga na kuomba. Sasa duka limejaa, nyumba umeezeka bati, watoto wanasoma. Je, bado unapiga magoti? Mchungaji akikuonya, unashukuru ama unahama kanisa?

Uzia alikataa kusikia hata aibu ikaonekana usoni. Wewe usingoje. Tubu sasa, ukiwa bado na nguvu. Omba hivi:

"Bwana Yesu, ulinisaidia nami nikakusahau. Nilitegemea fedha na akili zangu. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Kuanzia leo wewe ndiwe tegemeo langu. Amina."

Kama umeomba sala hii kwa imani, mwambie mhudumu aliyekupa karatasi hii, naye atakuombea. Mungu akubariki!