Jinsi Chipu ya Modemu ya Faksi Iungwavyo na Prosesa

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani Ngara. Shirika la UNHCR liliwakadiria kuwa 250,000 katika muda wa siku moja hivi. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Katika shida ya namna hiyo, orodha ya majina yapaswa kufika mbali upesi, wala jina hata moja lisipotee njiani.

Faksi ni chombo kiwezacho kupeleka ukurasa mzima kwa waya wa simu kwa muda wa dakika moja hivi. Ndani yake mna prosesa, ambayo hufahamu namba tu, hali waya wa simu hupitisha sauti. Modemu ndiyo mkalimani: hugeuza namba kuwa sauti, na sauti kuwa namba.

Prosesa huzungumza na chipu zake kwa fungu la nyaya liitwalo basi. Silo lile gari liendalo Biharamulo kupitia Nyakahura, ingawa yote mawili hubeba wengi kwa pamoja. Nyaya hizo ni hizi:

(a) Nyaya za data. Kwa kawaida ya modemu hizi ni 8, nazo hubeba baiti moja kwa mara moja.

(b) Nyaya za anwani. Ndani ya modemu mna visanduku vya namba viitwavyo rejista. Baadhi ya chipu za Rockwell ya Marekani zilikuwa na rejista 32. Nyaya 5 zilitosha kuzitaja zote, kwani 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32.

(c) Nyaya za amri. Mmoja huamuru "soma", wa pili "andika", na wa tatu huichagua chipu. Chipu isiyochaguliwa lazima inyamaze. Mbili zikisema pamoja, data huharibika.

Uko pia waya wa kukatiza kazi, nao yafaa tuuangalie sana. Faksi ipokeayo biti 9,600 kwa sekunde hupata baiti 1,200 kila sekunde. Prosesa nayo ina kazi nyingine, kama kuchapa karatasi. Kwa hiyo baiti ikifika, modemu hushusha volti ya waya huo, mfano wa mtu apigaye hodi. Prosesa huacha kazi yake kidogo, huichukua baiti, kisha huendelea. Ikichelewa, baiti mpya huifuta ile ya kwanza, na mstari wa maandishi huharibika. Huenda mstari huo ndio wenye jina la mtoto.

Siku hizi faksi ni chache. Lakini kila simu ya mkononi ina modemu na prosesa, mara nyingi katika kipande kimoja, na kanuni ni ile ile: hodi ijibiwe kwa wakati.

Zoezi: Ukurasa una baiti 36,000. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, utachukua sekunde ngapi? (Jibu: 30.)