MAKAO YA NDEGE ATAGAYE CHINI

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona kuku atakaye kutaga. Hatagi po pote. Huzunguka huku na huku mpaka apate mahali pa kujificha. Leo tujifunze habari za ndege wa porini afanyaye vivyo hivyo, tuone jinsi makao aliyoyachagua yalivyogeuka kuwa mtego kwa watoto wake.

Wataalamu humwita Crex crex, jina lililotokana na mlio wa dume usiku. Ni wa jamii moja na kukuziwa. Huzaliana Ulaya na Asia, na majira ya baridi yakaribiapo huko huruka mpaka Afrika, akakaa katika mbuga za majani toka Kongo na Tanzania hadi Afrika ya Kusini.

Katika visiwa vya Hebrides, Scotland, hufika mwezi wa Aprili na Mei. Majani ya malisho yangali mafupi, kwa hiyo hujificha kwanza katika magugu marefu ya penye majimaji. Majani yakisharefuka, huhamia mashamba yanayokatwa kwa chakula cha mifugo.

Atafuta nini? Kwanza, majani yenye kimo cha sentimita 20 au zaidi, yamfiche. Pili, yasisongamane, vifaranga wapate kupenya. Tatu, pawe na wadudu wa kuwalisha. Jike hutaga mayai 8 hadi 12, akaatamia peke yake. Vifaranga huacha kiotea mapema, lakini hawawezi kuruka mpaka wapate kama wiki tano. Kisha jike hutaga tena. Kwa hiyo mwezi wa Agosti wangaliko watoto wasioweza kuruka.

Hapa ndipo balaa lilipoingia. Zamani majani yalikatwa kwa mkono, polepole. Mashine zilipokuja, yalikatwa mapema na kwa haraka, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kifaranga huogopa kupita mahali peupe. Hivyo alirudi ndani na ndani, mpaka mashine ikamkuta katika majani ya mwisho. Mwaka 1993, katika Uingereza yote, madume yaliyosikika yakilia yalikuwa kama 480 tu.

Dawa yake ilikuwa nyepesi: wakulima walilipwa ili wachelewe kukata, na waanze katikati wakienda nje, vifaranga wapate njia ya kukimbilia pembezoni. Kufikia mwaka 2014 madume yalizidi 1,200. Baadaye idadi ikashuka tena. Maana kazi ya namna hii haifanywi mara moja ikaachwa.

Basi, ndugu msomaji, ndege huyu hakukosea kuchagua. Ni sisi tuliogeuza maana ya mahali alipopaamini. Kwale na kanga wetu nao hutaga chini. Siku utakapofyeka shamba lako, usiwazingire: anza katikati, uwaachie njia.